Bamba la Taa ya Zahanati

Mwaka 1957, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Paskalina alisafisha vyombo katika zahanati ndogo ya Kihesa, ambako mama yake, Verediana, alikuwa muuguzi. Kazi aliyoichukia kuliko zote ni kung'arisha bamba la shaba lililokaa nyuma ya taa ili kurusha mwanga mbele.

Siku hiyo bamba lilikuwa na madoa ya moshi, na kitambaa hakikufua dafu. Paskalina akachota mchanga, akasugua kwa hasira. Madoa yakatoka, lakini bamba likafifia. Akasugua tena, likazidi kufifia.

"Limeniudhi hili!" akanung'unika, akalirudisha mahali pake kimya kimya.

Mara akaingia mama mmoja na mwanawe Kasian, aliyejitia punje ya hindi sikioni. Nje kulikuwa na ukungu mzito, na chumba kilikuwa na giza. Bwana Didas, mganga wa zahanati, akawasha taa akachungulia sikio. Hakuona kitu.

Verediana akabadilisha mafuta. Akakata utambi. Akafuta chimni. Wapi!

"Paskalina, bamba umelifanya nini?"

"Nimelipangusa kwa kitambaa tu, mama."

Verediana akaanza upya na utambi, huku akisonya. Kasian akaangua kilio. Paskalina akashindwa kuvumilia.

"Nimelisugua kwa mchanga, mama."

"Nusu saa nahangaika, nawe umesimama unanitazama tu!"

Bwana Didas akampa Paskalina kioo cha kukuzia. Kwenye bamba akaona mikwaruzo tele, kama shamba lililolimwa ovyo.

"Bamba laini hurudisha mwanga upande mmoja," Didas akasema. "Hapa kila mkwaruzo unaurusha upande wake. Na iko mingine midogo hata kioo hiki hakiioni. Mwanga haujapotea, umetawanyika."

Paskalina akachekecha majivu kwa kitambaa, yawe laini kuliko mchanga, akayachanganya na mafuta, akasugua polepole mpaka vidole vikafa ganzi. Kufika saa tano, bamba liling'aa. Didas akaiona punje, akaitoa kwa koleo ndogo. Kasian akanyamaza.

"Kuharibu kitu ni bahati mbaya," Verediana akasema. "Lakini ulipoficha, mtoto wa watu ndiye aliyeumia. Ukikosea, sema mapema, kosa litengenezwe."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Haya, nenda shule. Na mwalimu akikuuliza sababu ya kuchelewa, usimwambie ulikuwa unaumwa."