Uwongo Ulioingia Kwenye Faili la Soksi

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kumpitia mdogo wake chekechea, kumpikia baba yao chai, na kuokota pini zilizoanguka chini ya meza ya kukatia nguo kabla mtu hajazikanyaga. Baba alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake. Mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akirudi jioni vidole vimejikunja kwa sabuni. Chiriku mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo la utani alipewa na mwalimu wake wa darasa la kwanza, ambaye alisema mtoto huyu akinyamaza dakika mbili mfululizo, apelekwe kwa daktari.

Mdogo wake, mwenye miaka mitano, aliitwa Bosi. Huyo tangu alipojua kusema alikuwa mtu wa kutoa amri tu: leta maji, fungua mlango, nisimamishe juu ya kiti nione dirishani. Cha ajabu ni kwamba watu walimtii.

Siku hizo Chiriku alijiongezea kazi ya nne ambayo hakuna aliyemtuma. Kila jioni alipitia kwenye kituo cha kuokoa mbwa, mitaa miwili kutoka kwao, akakaa mbele ya banda la nane akiongea na mbwa mmoja mweusi mwenye miguu minne myeupe. Jina lake Soksi. Soksi alikuwa msikilizaji mzuri. Mtu yeyote akimsimulia jambo, aliinamisha kichwa upande mmoja kama mjumbe wa kamati.

Kituo kiliongozwa na mama mmoja mwenye buti za mpira na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Watoto wa mtaa walimwita Mama Mbwa, na yeye hakuona tabu, kwa kuwa alisema mbwa hawajawahi kumkosea. Kwake hukuondoka na mbwa kama mtu anayenunua mkate. Ulijaza fomu. Mtu wa kituo alikuja kwenu kutazama uzio na mahali pa kulala mbwa. Kisha kila anayeishi kwenye nyumba hiyo, hata mtoto mchanga, alipaswa kuja kukutana na mbwa ana kwa ana, na Mama Mbwa aliandika alichokiona. Baada ya hapo mbwa alikwenda kwa majaribio ya wiki mbili.

Chiriku aliwasumbua wazazi wake mwezi mzima. Baba alipokubali, alikubali ili apate kushona kwa utulivu. Fomu ikajazwa, uzio ukapita, na Jumamosi moja Baba na Mama wakaenda kukutana na Soksi. Soksi aliweka kidevu chake juu ya kiatu cha Baba na kukiacha hapo. Baba akasema huyu mbwa anajua kazi yake.

Alibaki Bosi tu, ambaye siku hiyo alikuwa kitandani na mafua. Mama Mbwa akasema hakuna shida, wamlete siku yoyote, ila bila yeye mbwa hatoki. Kwa kuwa Baba alikuwa na sare za shule za watu hamsini mezani, alimwandikia Mama Mbwa barua fupi kwamba Jumatano angemtuma mwanawe mdogo pamoja na dada yake.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumbana Chiriku. Bosi alikuwa akiogopa mbwa kupita kiasi, na yeye peke yake ndiye aliyejua. Miezi michache nyuma, wawili hao walikimbizwa na mbwa wa dukani, na Bosi, mtoa amri mkuu, akalowesha suruali. Alimwapisha dada yake asimwambie mtu yeyote, na Chiriku, pamoja na mdomo wake wote, hakuwa amesema. Akimpeleka kituoni, Bosi angepiga ukunga hadi mabanda yatikisike, na Soksi angekwenda kwa watu wengine.

Jumatano ikafika. Chiriku alimwacha Bosi na jirani yao, mama wa Kipara, akamchukua Kipara mwenyewe. Kipara alikuwa na miaka mitano pia, kichwa kilichonyolewa kila wiki, na hakuwa na woga wa kiumbe chochote chenye mkia. Malipo yake yalikuwa gololi mbili. Njiani Chiriku alimfundisha: wewe leo ni Bosi, mimi ni dada yako, mengine niachie.

Mama Mbwa akaisoma barua ya Baba, akamwinamia mtoto na kumuuliza jina lake.

"Bosi," akajibu Kipara. Halafu akaongeza, "Kwa leo tu."

Chiriku akacheka haraka haraka, akasema mdogo wake ana utani sana. Mama Mbwa naye akacheka. Soksi alipofunguliwa, Kipara alimkumbatia shingoni, wakagaagaa pamoja kwenye nyasi mpaka ikawa shida kujua nani ni nani. Mama Mbwa akachomoa kalamu kwenye nywele na kuandika kwenye faili: mtoto wa miaka mitano, hana woga hata kidogo, amemkumbatia mbwa bila kuambiwa.

Ijumaa Soksi akaingia nyumbani, na Bosi akapanda juu ya meza ya kukatia nguo.

Hakushuka. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akakaa katikati ya meza amekumbatia magoti, kati ya mkasi na vitambaa vya sare. Soksi alidhani ni mchezo, akalala chini ya meza akipiga mkia sakafuni, na kila mkia ulipogonga, Bosi alitetemeka. Chakula alikula hukohuko juu. Kwenda chooni ilibidi Baba ambebe begani. Mama alijaribu kumbembeleza, akamkumbusha jinsi walivyocheza vizuri kituoni.

"Mimi sikwenda," Bosi akasema.

Baba akaenda kuleta nakala waliyopewa na kituo, akamsomea neno kwa neno. Imeandikwa hapa kwamba ulimkumbatia. Imetiwa sahihi. Bosi akarudia kwamba yeye hakwenda, alikuwa kwa mama Kipara anakula ndizi. Baba alikuwa mpole kwa kawaida, lakini kitu kimoja alichokuwa hakivumilii ni mtoto mwongo.

"Bosi, karatasi haina sababu ya kudanganya," alisema. "Wewe unayo. Usirudie tena."

Bosi akamtazama dada yake. Hakusema kitu, maana hata yeye alikuwa na siri yake ndani ya jambo hilo. Chiriku akainama kuokota pini, na siku ile aliziokota zote, hata zile ambazo hazikuwepo.

Alijiambia kwamba Bosi atazoea. Ikapita Jumamosi. Jumapili mchana, Baba akiwa uani na Mama akiwa kazini, Bosi alibanwa haja. Aliona aibu kuita, akaamua kuruka kutoka mezani hadi kwenye kiti cha cherehani, na kutoka kitini hadi mlangoni, ili asikanyage chini. Kiti kikateleza. Alianguka kwa kidevu, na damu ikachuruzika kwenye shati. Soksi ndiye aliyefika wa kwanza, akanusa na kulia kwa sauti nyembamba, na Bosi alipomwona amemsimamia, alipoteza hata nguvu ya kupiga kelele.

Jeraha lilihitaji plasta tu. Lakini Baba alikuwa ameshaona ya kutosha. Akampigia simu Mama Mbwa, ambaye baada ya nusu saa alikuwa amesimama karakanani na buti zake, faili mkononi.

Alimkagua Soksi, akamkagua Bosi, kisha akaketi kwenye kile kiti kilichoteleza. Alisema jambo hili limemtatiza. Mtoto aliyemkumbatia mbwa Jumatano hawezi kumwogopa namna hii Ijumaa bila sababu. Lazima mbwa alimfanyia kitu wakati hakuna mtu anayetazama. Pengine alimtishia, pengine alimng'ata kidogo bila kuacha alama. Soksi aliwahi kurudishwa mara mbili, akaeleza. Mara ya kwanza wenyewe walihama, mara ya pili mwenye nyumba alikataa mbwa. Hayo hayakuwa makosa yake, na ndivyo yalivyoandikwa. Ila hili ni lingine.

"Sasa nitaandika kwamba hafai kwenye nyumba yenye watoto," alisema, akichomoa kalamu. "Sipendi, lakini nina wajibu. Nikikosea upande wa pili, mtoto wa mtu ataumia."

Baba akauliza hiyo ina maana gani kwa mbwa. Mama Mbwa akasema karibu kila anayekuja kituoni ana watoto. Kwenye banda la tatu yuko mbwa mzee mwenye maneno hayohayo kwenye faili, na ana miaka sita pale. Watu humsoma, wakasogea banda la nne.

Soksi alikuwa ameketi katikati yao, kichwa kimeinama upande, akisikiliza kesi yake kwa makini sana.

Chiriku aliona kalamu ikigusa karatasi. Akinyamaza, mbwa ataondoka na doa na hakuna atakayejua alichofanya yeye. Akisema, mbwa ataondoka vilevile, na atajulikana. Kwa vyovyote Soksi hakuwa wake tena. Kilichobaki ni yale maneno tu, yaandikwe au yasiandikwe.

"Usiandike," alisema. "Hajamfanya kitu. Yule wa Jumatano hakuwa Bosi. Alikuwa Kipara."

Akaeleza yote, gololi mbili zikiwemo. Alipofika kwenye sababu ya Bosi kuogopa mbwa, alisita, akamtazama mdogo wake. Bosi, kidevu kina plasta, akatoa amri yake ya kwanza tangu Ijumaa: sema tu, lakini usiseme ya suruali. Hivyo kila mtu akajua ya suruali, na hakuna aliyecheka, ingawa Mama Mbwa alilazimika kukohoa.

Baba hakumgombeza Chiriku pale pale. Alikwenda kwanza mezani, alikokuwa amerudishwa Bosi, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wake.

"Ulinieleza ukweli mara mbili nikaamini karatasi," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Bosi akafikiri kidogo, akamsamehe, kisha akaomba abebwe kwenda chooni, kwa sababu safari ile haikuwa imekamilika.

Mama Mbwa alikuwa bado ameshika kalamu. Chiriku alidhani atapigiwa kelele, lakini yule mama aliongea kama anayesoma orodha ya dawa. Alisema watu hulalamika kwamba sheria zake ni nyingi, na hawajui zilikotoka. Uzio unakaguliwa kwa sababu mbwa mmoja aliruka siku ya kwanza akagongwa na lori. Mwenye nyumba anaulizwa kwa sababu ya Soksi huyuhuyu. Watu wote wanakutanishwa na mbwa kwa sababu babu mmoja hakuulizwa, na alipomkuta mbwa jikoni alidondoka akavunjika nyonga.

"Na leo umenipa nyingine," akaendelea. "Mtoto ataletwa na mzazi wake, si na barua. Hilo ni kosa langu, wala sitakubebesha wewe. Lako ni hili: mbwa hana mdomo wa kujitetea. Kila anachojulikana nacho kimo humu, na kinaandikwa na watu. Ukiweka uwongo humu, unayemsingizia ni asiyeweza hata kusema 'mimi sikwenda'."

Akampa kalamu. Chiriku akaandika kwa mkono wake kwamba mtoto wa Jumatano hakuwa wa nyumba hiyo, kwamba mtoto wa kweli aliogopa mbwa tangu zamani, na kwamba Soksi hakumfanyia mtu yeyote ubaya. Mama Mbwa akamwambia atie sahihi. Kisha mkanda ukafungwa shingoni, na Soksi akatoka mlangoni akigeuka nyuma kila hatua tatu. Chiriku alilia hadi Mama aliporudi, halafu akaanza upya wakati wa kumweleza.

Wazazi wakaamua kwamba kila Jumamosi asubuhi ataosha vyombo vya mbwa kituoni, thelathini na viwili kwa idadi, mpaka Soksi apate nyumba. Jumamosi ya tatu Bosi alidai kufuatana na dada yake, akasimama nje ya lango na Baba, akatazama kidogo, akatangaza kwamba kwa leo inatosha. Hakuna aliyembishia.

Jumamosi ya tano alikuja dereva wa lori na mkewe, pamoja na watoto wao watatu. Watoto walikwenda moja kwa moja banda la nane. Mama Mbwa akamwita Chiriku, mikono ina povu, akamwambia awasomee wageni faili la Soksi lote, bila kuruka.

Chiriku akasoma. Kuhama, akasoma. Mwenye nyumba, akasoma. Alipofika kwenye maandishi yake mwenyewe sauti ilipungua, lakini akayamaliza. Mke wa dereva akauliza ni nani huyo aliyeleta mtoto wa jirani.

"Ni mimi," Chiriku akasema.

Yule mama akamgeukia mumewe, wakanong'onezana. Dereva akasema alikuwa anaogopa kwamba vituo kama hivi huficha mambo ili mbwa waondoke upesi. Kama hapa wanasoma hata aibu zao kwa sauti, basi akisikia kwamba mbwa ni mzuri na watoto, ataamini. Akaomba fomu.

Mama Mbwa alisubiri mpaka wageni walipokwenda kucheza na Soksi nyasini. Akalifunga faili, akalipapasa jalada.

"Umeona?" akamwambia Chiriku. "Ulipodanganya ili umpate, ulikaribia kumfungia humu maisha yake yote. Uliposema kweli ukamkosa, ndipo alipopata kwao. Ukweli si lazima ukupe unachotaka wewe. Unafanya watu waweze kutuamini, na bila hivyo hakuna atakayechukua mbwa kwetu."

Chiriku akaitikia kwa kichwa, bila neno, karibu dakika mbili nzima. Kisha akarudi kwenye karo, kwa sababu vilikuwa vimebaki vyombo kumi na kimoja.