Madirisha Nyuma ya Makabati

Kila siku darasa la sita lilipoanza hesabu, jenereta ya ofisi ya serikali ng'ambo ya ukuta nayo ilianza makelele yake. Mwalimu alipaza sauti hadi ikamkauka, na moshi ukaingia darasani. Kavuo, mwanafunzi wa darasa hilo, alikuwa ameichoka kabisa jenereta hiyo. Na yote hayo ni kwa ajili ya kuwasha taa tu, mchana kweupe!

Ndiyo maana alifurahi ofisi ilipompa Tantine Bénite kazi ya kuchora jinsi itakavyopata mwanga wa jua. Tantine alikuwa dada wa baba yake, mchora majengo wa Beni. Kompyuta yake ilikuwa na programu: ukiipa vipimo vya kuta na madirisha, inaonyesha jua linaingia wapi na taa zipi zizimwe. Bwana Ilunga, mkuu wa ofisi, alikuwa amesema wazi kwamba mchoro usipofaa, ataleta jenereta kubwa zaidi. Kwa kuwa barabara ya kutoka Beni hadi kwao Butembo ilikuwa mbaya, Tantine aliomba atumiwe vipimo kwa simu. Kavuo akasisitiza kwamba yeye atapima.

Madirisha ya mbele aliyapima vizuri. Ya nyuma yalikuwa yamezibwa na makabati ya majalada, vumbi tupu. Kavuo akapiga chafya, akakasirika. Nani ajipenyeze huko? Akaandika vipimo vilevile vya mbele, na makabati hakuyataja.

Ijumaa, baada ya masomo ya asubuhi, Tantine akafika ofisini na kompyuta, Kavuo akiwa naye. Kwenye mchoro ofisi ilijaa jua pande zote, ilhali wao wenyewe walikuwa wameketi chini ya taa zilizowashwa. Bwana Ilunga akatikisa kichwa.

"Mama, kwa kompyuta yako kuko jua. Kwangu kuko giza. Donc, nitaleta groupe ingine, jenereta kubwa."

Tantine akarudia hesabu zake, akailaumu programu, karibu alaumu jua lenyewe. Jenereta ilinguruma nje. Kavuo aliona haya hadi masikio yakawaka moto, lakini kelele kubwa kuliko ile asingeivumilia.

"Tantine, ni mimi. Ya nyuma sikupima. Makabati yameyaziba."

Tantine alimkazia macho. Kisha akampa mita ya kupimia.

Walijipenyeza, wakapima, wakatoka weupe kwa vumbi. Vipimo vilipoingizwa, nusu ya mchoro ikawa giza. Kwenye mchoro, Tantine akayahamishia makabati kwenye ukuta usio na dirisha, na mwanga ukarudi. Bwana Ilunga akavua koti, akawaita makarani, wakasukuma makabati kweli huku wakinung'unika. Ofisi ikang'aa. Akazima taa, halafu jenereta. Ng'ambo ya ukuta mwalimu wa darasa la mchana alisikika akifundisha kwa sauti ya kawaida.

"Umechoka na groupe, mais ni wewe karibu utuletee ingine," Tantine alisema, bado amekunja uso. "Kompyuta haikudanganya mutu. Iliamini kile ulichoandika, na mimi nilikuamini wewe. Kama hukupima, sema hukupima."