Bidon ya Munyaneza

Valizi ya Apolline ilikuwa imeshakaa mlangoni siku nane. Ndani mlikuwa nguo zake na za watoto wanne.

"Ukikunywa tena pombe yako ya kanyanga, hata chupa moja, naenda kwa mama yangu, kule Keshero," alimwambia bwana yake, Munyaneza. "Siyo mchezo."

Munyaneza alisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Asubuhi alipakia magunia ya makala ya kupikia, kule Ndosho. Saa sita alikuwa amelewa. Zamani, kule Kibumba, alilima viazi na hakunywa hivi. Vita ilimtoa shambani, pombe ikamkuta njiani. Lakini alimpenda Apolline sana. Aliogopa, akaenda naye kwenye kituo cha afya kutafuta msaada wa kuacha pombe.

Mshauri wa pale, Mama Léonie, alifungua kaye yake ya kuandikia.

Sasa nisikilize, maana hapa Munyaneza alifanya kosa letu sisi wakimbizi. Tukiona mutu mwenye kaye, tunaona jeton, kile kikaratasi cha kupokea msaada wa maharagwe na turubai. Akiuliza watoto, wanne wanakuwa saba.

"Unakunywa kiasi gani kwa siku, papa?"

"Bidon moja. Ya litre vingt, lita ishirini nzima."

Mama Léonie aliweka kalamu chini, akacheka mpaka machozi.

"Papa, mutu wa vile tungekuwa tumeshamuzika. Miye sigawi maharagwe. Nauliza juu nijue namna ya kukusaidia. Mwenye kunywa sana kila siku, akiacha ghafla peke yake, anaweza kuanguka kifafa, hata kufa. Njo maana daktari anapashwa kujua ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Munyaneza alikuna kichwa.

"Basi andika chupa mbili ndogo, kuanzia asubuhi. Nisipokunywa, mikono inatetemeka. Na usingizi sina tangu Kibumba."

"Aksanti. Hayo njo maneno ya kazi."

Aliuliza pia anakunywa wapi, na nani, na nini kinamsumbua rohoni. Kisha wakapanga pamoja, wote watatu. Siku za kwanza daktari angemfuata kwa dawa. Makala angepakia mahali pengine, mbali na kabare za pombe. Kila Jumanne angerudi kwa Mama Léonie yuleyule, na kaye ileile.

"Ukianguka tena kwenye pombe, usijifiche," Mama Léonie alisema. "Hatutakufukuza. Tutabadilisha mpango."

Miezi miwili ilipita vizuri. Valizi ilibaki mlangoni. Kisha Jumanne moja Munyaneza aliingia kituoni ameinamisha kichwa. Apolline alikaa pembeni yake, hajui kitu.

"Andika, mama. Jumapili, kwenye ubatizo, kikombe kimoja. Hakuna mutu aliniona."

Mama Léonie aliandika. "Basi leo tupange siku za sherehe," alisema.

Njia nzima Apolline alitembea mbele. Munyaneza alikuwa na hofu kweli. Walipofika, Apolline aliinua valizi, akaifungua, akaanza kurudisha nguo kwenye kamba, moja moja.

"Ungeweza kunificha hiyo," alisema. "Valizi hii tuichungie siku vita itaisha. Tutawekamo mbegu ya viazi, turudi nayo Kibumba."