Mashine Mbili za Kanyangi

Emali siku ya soko haina adabu. Malori yanapiga honi, wauza vitunguu wanajibu kwa sauti zaidi, na vumbi linaingia hata mahali ambapo hujalikaribisha. Nzilani alikuwa ametoka Kanyangi, Kitui, kuja kuchukua mizani za ushirika wa wakulima wa ndengu aliokuwa akiufanyia kazi, na lori lililobeba mizani lilikuwa limeharibika njiani. Akaingia katika hoteli ya Ndinda, akachomeka kompyuta yake kwenye soketi ya pekee ukutani, akaagiza chai. Alivaa rinda la kitenge la manjano na raba nyeupe zilizokuwa zimeshageuka rangi, na uso wake ulisema wazi kwamba hataki kusumbuliwa.

Mtu mmoja akamsumbua. Alikuwa mrefu, shati la samawati limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana, chaja mkononi.

"Hiyo soketi ni ya familia yenu?" aliuliza.

"Ni ya aliyefika kwanza."

"Mimi nimezaliwa hapa Emali. Nilifika kabla yako."

"Basi ungekuja na stima yako."

Stima ikapotea hapo hapo. Hoteli nzima iliguna, isipokuwa Ndinda, mama mwenye hoteli. Alienda nyuma, akavuta kamba ya jenereta kubwa, ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Akavuta kamba ya ile ndogo, na taa zikarudi kabla chai haijapoa.

"Auntie, kumbe uko na jenereta mbili," Nzilani alisema.

"Nilizoea Emali. Na hiyo ndogo naiwasha kila Jumatatu hata kama stima iko. Ukikosa kuiwasha, siku unaitaka itakuangusha."

"Huyu mama anafaa kuajiriwa kwetu," yule mwanamume alisema, tayari ameshavuta kiti. Jina lake lilikuwa Kyule, na alifanya kazi Nairobi katika kampuni inayokodishia watu wengine kompyuta na kuzitunza huko kwenye wingu la mtandao. Nzilani alicheka kabla hajaamua kama anataka kucheka. Akahamisha chaja yake kidogo, akampa nafasi.

Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Mwendwa, watu wa Kitui mmeamkaje?" Kyule angeuliza asubuhi, akimwita mpenzi kwa Kikamba.

"Tumeamka na akili. Nyinyi wa Makueni bado mnatafuta zenu?"

"Yangu niliiacha kwenye soketi ya Ndinda."

Nzilani angeficha uso kwa mkono, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alikuwa amejiapia kwamba mwanamume hatamchekesha tena kazini. Kiapo hicho kilidumu wiki mbili.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha usingizi kuliko mapenzi. Msimu uliopita, kumbukumbu zote za ushirika, nani ameleta ndengu na kilo ngapi, zilikuwa kwenye kompyuta moja ndani ya kabati la mwenyekiti Mbaluka. Siku ya soko kompyuta ile ikafa. Kwa saa tatu hakuna gunia lililopimwa. Nje ya seng'enge mabroka, wale madalali, walikuwa wanangoja na gorogoro zao, yale makopo yanayopimia wanavyotaka wao, na wakulima waliochoka kusimama juani wakauza kwa bei ya kutupa. Kanyiva, mama yake Nzilani, alipitisha magunia manne juu ya seng'enge hiyo bila kumtazama binti yake. Nzilani hakusahau. Aliapa halitatokea tena akiwa hai.

Kamati ilipokutana, meza ilikuwa na mapendekezo matatu. Mbaluka alitaka kompyuta mpya, kabati lile lile.

"Kitu cha ushirika kifungwe na kufuli," alisema. "Mambo ya wingu, hapa mawingu tunayajua. Yanapita tu."

Wazee wakacheka. Pendekezo la pili lilitoka kwa kampuni ya Kyule: nakala katika nchi tatu, mashine kubwa zinazonguruma mwaka mzima, na gharama ambayo mweka hazina aliisoma mara moja na kuvua miwani. Kyule mwenyewe alikuwa amemwambia Nzilani kwenye simu, "Hiyo ni ya benki. Usikubali, hata kama mimi nalipwa nao."

Nzilani akasimama.

"Tukodishe mashine mbili ndogo, katika majengo mawili tofauti, kila jengo na stima yake," alisema. "Ya kwanza inafanya kazi, ya pili inanakili kila kilo inayoandikwa. Ya kwanza ikianguka, ya pili inashika. Msimu wa mavuno tunaziongeza nguvu, msimu ukiisha tunazipunguza. Hatuwezi kulipia mwaka mzima nguvu ya miezi miwili."

"Na kwa nini tulipe mbili kama inayofanya kazi ni moja?" Mbaluka aliuliza.

"Mwenyekiti, mwaka jana tulikuwa na moja."

Hakuna aliyecheka. Mbaluka alimgeukia.

"Sawa. Lakini siku ya kwanza ya mavuno ikikwama hata saa moja, mlango unaujua."

"Naujua. Nilipita hapo nikiingia."

Walijenga kila kitu pamoja kwa simu, yeye Kanyangi na Kyule Nairobi baada ya kazi yake, bila bosi kujua. Nzilani akamwandika katika orodha ya watu wanaoruhusiwa kuingia kwenye mashine. Hakuwa amempa mwanamume yeyote funguo za kitu chake chochote, lakini alibonyeza kuthibitisha.

Kisha ikaja Jumapili. Katika kanisa lao simu huachwa mlangoni, ndani ya kikapu, mpaka ibada iishe. Nzilani alipotoka akiwa na sketi yake nyeusi na blauzi ya lesi, simu yake ilikuwa na maneno haya: mashine ya kwanza imezimwa na Kyule. Akakimbia hadi ofisini. Simu zote tisa ambazo wapimaji huandikia kilo, zilizohifadhiwa humo, zilikuwa zimekwama.

Akampigia.

"Wewe ndiye umezima?"

"Ni mimi, lakini nisikize kwanza, nilikuandikia nikaona leo hakuna mtu anapima—"

"Bosi wako alitaka nionekane mjinga kwa kukataa mpango wenu, na wewe ukakubali."

"Nzilani, hapana. Nilitaka tu—"

Alikata. Akaiwasha mashine, akafuta jina lake kwenye orodha, akamfungia simu, akaketi juu ya gunia tupu na kulia kwa hasira. Alikuwa amempenda huyu mtu, na hilo ndilo lililouma.

"Umelia," mama yake alimwambia jioni.

"Sijalia. Nimekasirika."

"Haya. Osha hasira, chakula kiko tayari."

Ilimchukua siku mbili kuufungua ujumbe wa Jumapili. "Mpenzi, leo hakuna kazi. Hatujawahi kuizima ya kwanza kuona kama ya pili itashika. Nijaribu?" Ulikuwa umetumwa akiwa katikati ya ibada. Kyule alingoja nusu saa, akajijibu mwenyewe.

Nzilani akafungua kumbukumbu za mashine. Ya pili ilikuwa imeshika vizuri, bila kupoteza kilo hata moja. Simu za wapimaji ndizo hazikuifuata, kwa sababu yeye mwenyewe, Nzilani, alikuwa ameandika ndani yake anwani ya mashine ya kwanza peke yake, badala ya ile ya pamoja inayofikia yoyote iliyo hai. Kosa lilikuwa lake. Lingemfukuzisha kazi mbele ya kijiji kizima. Ndinda alikuwa amemwambia siku ile ya chai, na yeye alisikia habari za jenereta mbili akasahau habari za kuiwasha ndogo kila Jumatatu.

Alirekebisha simu zote tisa. Kisha akazima mashine ya kwanza kwa mkono wake, na simu zikasita kidogo na kuendelea. Hakumpigia Kyule. Mtu anaweza kukuokoa na bado awe amekukosea, na Nzilani hakuwa tayari kusamehe nusu ya jambo.

Siku ya soko punda walianza kufika kabla jua halijachomoza. Kufikia saa nne mstari ulikuwa umezunguka ofisi, na nje ya seng'enge mabroka walikuwa wamepanga malori yao. Kanyiva alikuwa wa tano kutoka mbele, na magunia manne.

"Nzilani," mpimaji Munyao aliita, "simu imeganda."

Zote ziliganda. Huko mbali jengo la kwanza lilikuwa limepoteza stima, na jenereta zake zimegoma. Broka mmoja akagonga gorogoro kwenye nguzo ya seng'enge, polepole, kama anayeita kuku. Mbaluka akakunja mkono wa shati kutazama saa. Mkulima mmoja aliinua gunia lake kurudi nyuma.

"Liweke chini," Nzilani alimwambia. "Hatuuzi juu ya seng'enge mwaka huu."

Zilipita sekunde thelathini na nane, aliyezihesabu anajua.

"Imerudi," Munyao akasema. "Imeendelea pale pale. Kanyiva, leta la kwanza."

Mama alipita na gunia lake, na safari hii alimtazama binti yake machoni. Broka akaacha kugonga. Nzilani alitaka kumwambia mtu mmoja tu duniani, akatoa simu yake, na kabla hajaifungua aliona shati la samawati nje ya lango, katikati ya mabroka, limekunjamana kwa safari ya pikipiki.

Akatoka.

"Umekuja kununua ndengu?"

"Nimekuja kugombezwa," Kyule alisema. "Kwa simu haiwezekani, ulinifungia. Nikasema ikianguka leo, angalau niwe karibu."

"Imeanguka. Ya pili ikashika."

Kyule alifumba macho, akapumua.

"Kosa la anwani lilikuwa langu," Nzilani alisema. "Lako ni lingine. Uliomba ruhusa yangu halafu ukajipa mwenyewe."

"Ni kweli. Nisamehe, mwendwa. Hakuna mtu alinituma. Bosi akijua nilikusaidia atanifuta kazi, na anifute."

Nzilani alibonyeza simu yake. Ya Kyule ikalia mfukoni: Nzilani amekuruhusu kuangalia, kuwasha na kuzima.

"Hata kuzima?"

"Ukiniuliza kwanza. Na ungoje nijibu."

"Basi nauliza sasa, na nitangoja hata kama uko kanisani." Akamkaribia. "Nataka watu wetu walete mbuzi kwenu."

Mstari wote uligeuka. Kanyangi nzima inajua mbuzi hao: ni watatu, wa ntheo, posa ya Kikamba, na wakishaingia boma la msichana hakuna tena wa kuuliza ameposwa na nani.

"Mtu wa Makueni?" Kanyiva aliuliza kutoka kwenye mizani, akijaribu kukasirika.

"Leta nne," Nzilani alisema.

"Lakini ntheo ni tatu."

"Tatu ni za mila. Kutoka Emali mpaka hapa ni mbali. Ya nne ni ya akiba."

Mbaluka alikuwa amesimama nyuma yao, amesikia yote, na safari hii hakuuliza ni ya nini.