Sahihi ya Mgongoni

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Agosti. Manyunyu yalianza alfajiri. Mama Pindo alikuwa akishona sketi kwa cherehani aliyoachiwa na mama yake, huku akiukumbuka mwaka jana. Marehemu mumewe na Mzee Jora, muuza vitambaa, walizoea kukaa kizingitini wakibishania mpira mpaka chai ipoe.

Leo Jora alikuja peke yake, na karatasi mkononi.

"Shemeji, mwenye duka la sare hajalipa hati yake ya ahadi, ile karatasi aliyokuandikia kuahidi kulipia sare ulizomshonea. Nawe ulisaini mgongoni uliponipa hati hii nikuachie vitambaa. Sina budi kuchukua cherehani."

"Ee Mungu wangu! Watoto watakula nini?"

Jirani yao, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa akisubiri suruali yake. Alivaa miwani, akaisoma hati mbele na nyuma.

"Ni kweli, mama. Ukisaini mgongoni, umejifunga. Mwandikaji asipolipa, utadaiwa wewe. Lakini Jora, siku ya kulipa ilikuwa lini?"

"Tarehe tatu Machi. Nilimpelekea siku ileile, akanikatalia katakata."

"Ukamwambia mama?"

Jora aliinama. "Ilikuwa wiki ya msiba. Ningemwambiaje, naye machozi hayajakauka?"

"Hapo ndipo ulipoteleza. Hati ikikataliwa, mpe taarifa aliyesaini upesi, kwa mdomo au kwa barua, ili naye amwahi mdaiwa. Ukikaa kimya miezi mitano bila sababu ya kisheria, aliyesaini anafunguliwa. Kuona aibu si sababu."

"Machi duka lilikuwa wazi," alisema Mama Pindo. "Ningemganda kama kupe! Sasa amefunga, amehama."

"Basi nimeumia," alisema Jora.

"Kwa mama, ndiyo. Mwandikaji bado unamdai."

Mama Pindo alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha akasema, "Kaa, shemeji. Ulininyamazia kwa huruma. Nyumbani kwa dada yake mwenye duka napajua, huenda amehamia huko. Twende wote."

Walikwenda. Mwenye duka alipomwona karani na ile hati, alilipa nusu papo hapo. Iliyobaki akaimaliza Septemba.

Oktoba Mama Pindo alipata hati ya mteja mwingine. Aliigeuza ili aisaini, ampe Jora kwa vitambaa vipya; akashika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Sisaini mpaka uahidi, shemeji."

Jora alisimama mbele ya mashahidi wawili, karani na binti wa Mama Pindo.

"Naahidi. Hati hii ikikataliwa, nitakupa taarifa kabla ya kesho yake kuisha, hata nikikukuta unalia."