Jina la Jocelyne Katikati ya Sebene

"Rudisha pale, Ketsia."

"Pale wapi tena? Nimekurudishia sana. Ata wimbo yenyewe imechoka."

"Pale gitaa inapanda. Kabla aite jina."

Ketsia, fundi wa mitambo katika redio moja ya hapa Baraka, akamtazama rafiki yake kwa huruma, kisha akarudisha. Sebene, ile sehemu ya gitaa la kuchezea, ikapanda. Na katikati ya raha yote hiyo sauti ya Yasini ikaita: "Jocelyne! Jocelyne wa Kazimia, moyo yangu haisahau!"

Munira akafumba macho.

Jamani, niwajulishe huyu Munira kabla hamjaanza kumhurumia. Ni binti wa Mzee Lukmani, yule mwenye maboti, na kazi yake ni kukosoa. Hana ofisi, hana bosi wa kumtuma. Filamu ikionyeshwa kwenye ukumbi wa video, yeye yuko kiti cha mbele anaandika kwenye simu. Wimbo ukitoka Uvira au Bukavu, yeye wa kwanza kuuchambua. Mgombea akija mjini na spika zake kubwa, Munira haandiki ahadi. Anaandika nyimbo zilizopigwa, nani alicheza na nani alikunja mikono. Makala anaziuza kwenye tovuti moja ya Bukavu, na kila Jumatano anazungumza redioni. Baba yake husema, "Mutoto yangu iko anakula makosa ya batu." Na ulimi anao! Wasanii wa Baraka wanamwogopa kuliko mvua ya siku ya tamasha.

Tena ni huyohuyo aliyewafundisha wasikilizaji habari za mabanga, yale majina ambayo mwanamuziki wa kwetu anayaita kati ya wimbo ili mwenye jina afurahi na afungue mfuko. "Jina mu wimbo ni kibao ya duka," aliwaambia. "Musitafute mapenzi pale. Muulize nani alilipa."

Leo somo lote limempotea kwa sababu ya jina la mwanamke mmoja. Mapenzi hayajui nani ni mwalimu na nani ni mwanafunzi.

"Labda alilipa," Ketsia akasema. "Si weye njo unatufundishaka ivo?"

"Alilipa na 'moyo yangu haisahau'? Ule mheshimiwa mgombea mwenye alimuita ku mwanzo alilipa, aliitwa jina kavu. Hakuna moyo pale."

"Piga simu umuulize, basi."

"Mi nimuulize juu ya mwanamuke mwengine? Mi?"

Yasini ni kijana wa Lweba, mpiga gitaa na mwimbaji, na ndiye mchumba wake. Alikuwa ameshuka Kazimia, kusini kando ya ziwa, kupiga muziki kwenye harusi za wenye maboti na wafanyabiashara wa samaki. Walikubaliana kwamba akirudi, wajomba zake watakuja kwa Mzee Lukmani kuposa. Mtandao wa Kazimia unakuja na kuondoka unavyotaka, kwa hiyo ujumbe wa Munira ulikuwa unalala njiani siku nzima.

Na kilichomuuma zaidi ni hiki. Yasini aliwahi kumwambia, "Nataka kukuita mu wimbo, Baraka yote ijue." Munira alikataa mwenyewe. "Mukosoaji akiitwa mu wimbo, kesho nani atamuamini? Jina yangu usiiguse." Yasini alitii. Sasa mahali pale alipopakataa amekaa mwingine, na Munira alijiona kama mtu aliyesusa chakula kisha akasikia jirani anakisifia.

Akaandika. Akaandika kwa hasira, na hasira yake ina kalamu nzuri, hilo tumkubalie. Jumatano akasoma redioni: "Yasini wa Lweba ameuza kinywa chake kwa mgombea. Na sauti yake, ambayo tuliipenda sote, haina mapenzi tena ndani yake."

Mpaka magharibi makala ilikuwa kwenye kila grupu ya WhatsApp kutoka Fizi mpaka Kazimia. Vijana wakamwita Yasini mwimbaji wa kununuliwa. Waliokuwa wamemwalika kwenye tamasha la Idi wakafuta jina lake.

Kesho yake simu ya Munira ikalia. Ujumbe kutoka kwa Yasini: "Nimesikia. Asante."

Alikuwa tayari kwa matusi, tena alikuwa na majibu yake. Lakini asante? Utajibu nini kwa asante?

Aliandika, "Yasini." Akafuta. Aliandika, "Huyo Jocelyne ni nani?" Akafuta. Mwishoni alituma, "Unakula vizuri?" na ujumbe ukabaki na tiki moja, leo, kesho na keshokutwa. Picha ya Yasini ikaondoka kwenye simu yake, pakabaki duara la kijivu.

Hamu ikamshika, jamani, hamu ya kweli. Kila boti ya Kazimia ikitia nanga, alikuwa na sababu ya kupita bandarini. Aliuliza bei ya samaki asionunua. Akisikia gitaa popote, hata kwenye simu ya mpita njia, anasimama. Chakula cha mama yake kilikuwa kinapoa mbele yake, na mama akakifunika tu, kwa sababu mama anajua.

Siku moja Jacques, mhariri wa ile tovuti ya Bukavu, akampigia.

"Munira, makala yako ya filamu nimeipata. Iko muzuri. Lakini huyu Yasini ni nani?"

"Yasini gani?"

"Umeandika, 'Yasini anapoondoka, nyumba inabaki bila pumzi.' Mi niliona ile filamu, Munira. Mule ndani hakuna Yasini."

Munira akakaa chini palepale alipokuwa.

"Samahani, Jacques. Badilisha jina."

"Nitabadilisha. Lakini weye uko salama?"

"Hapana," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu.

Jumatano iliyofuata, kipindi kikikaribia kuanza, mama mmoja mwenye mvi akaingia uani mwa redio, kitambaa kichwani, kandambili zimejaa vumbi. Akamtazama Munira kutoka juu mpaka chini.

"Ni weye Munira?"

"Njo mimi, mama. Karibu."

"Mi ni Jocelyne."

Ketsia, aliyekuwa anapita na waya, akasimama.

"Jocelyne... wa Kazimia?" Munira akauliza.

"Kuko mwengine unajua?"

"Hapana, mama. Ikala hapa ku kiti, tafazali."

"Nitaikala. Njia ni mrefu. Nilikuya kuona mutu mwenye alisema mutoto yangu hana mapenzi mu sauti."

"Yasini ni mutoto yako?"

"Sikumuzaa. Malaria ilimuangusha pale soko ya samaki, batu banamupita. Tulimubeba na bajirani mpaka kwangu. Nilimulisha uji na kijiko. Wakati alipona akaniuliza, 'Nikupe nini?' Nikamuambia, mi nilikimbia Burundi zamani, ninalima mihogo mu shamba ya kukodi. Jina yangu inaitwaka tu wakati banagawa unga ya bakimbizi. Uiweke mu wimbo, basi, nisikie inaitwa kwa furaha mara moja."

Munira hakuweza kumtazama.

"Akataka kuniita Mama Jocelyne. Nikakataa. Bamama ni bengi. Nilitaka jina yangu, yangu mwenyewe."

"Juu ya nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza vilevile. Alisema, 'Hakuniuliza, mama. Alinihukumu.'" Jocelyne akajifuta jasho. "Sasa kesho asubuhi iko anavuka Kigoma. Gitaa yake ameniachia. Anasema ku Baraka hakuna mwenye anamutaka."

"Mi namutaka!"

Ilimtoka kwa sauti kubwa mpaka mlinzi akageuka.

"Mi si yeye," Jocelyne akasema kwa upole. "Umuambie yeye."

"Simu yake imefungwa, mama."

"Simu amefunga. Redio hafunge. Kila mercredi, siku ya kipindi yako, anajifanya anashona nyavu ya jirani, lakini sikio iko kwako."

Mama wa watu akapewa maji, akanywa, akaenda kutafuta lori la kurudi. Munira akabaki amesimama, karatasi za kipindi mkononi.

"Munira," Ketsia akasema taratibu. "Ile siku ulikosoa wimbo ama ulikosoa Jocelyne?"

"Usinimalize, Ketsia."

"Mi nauliza tu. Baimbaji bengi baliita mheshimiwa mu nyimbo zabo. Hakuna mwenye ulimupiga ivo."

Munira akaenda moja kwa moja kwa Albert, mkurugenzi wa redio, akamweleza anachotaka kusema. Mzee wa watu akavua miwani.

"Useme ku antenne, batu bote basikie, kama unamupenda ule ulimukosoa? Munira, jina yako njo kazi yako. Hauna kingine. Kesho utakosoa nani, akubali?"

"Najua, directeur."

"Bukavu bakisikia, je? Bataendelea kuchukua makala yako?"

"Labda hapana."

"Na baba yako? Mutu ya msikiti!"

Baba ndiye aliyemtisha kuliko Bukavu na Baraka zikiwekwa pamoja.

"Directeur, nilisema uongo ku redio yako. Niache niurudishe palepale."

Albert akavaa miwani yake. "Dakika kidogo," akasema. "Kisha unafungua simu, batu bajibu. Njo kanuni."

Taa nyekundu ikawaka. Ketsia akanyoosha kidole.

"Wasikilizaji, hamjambo. Ni Munira. Nilisoma hapa makala juu ya wimbo wa Yasini wa Lweba. Pale kwa mheshimiwa nilisema kwamba ameuza kinywa. Neno hilo siliondoi, na wengine wote walioimba vile nao linawahusu, nilipaswa kuwataja. Lakini nilisema tena kwamba sauti yake haina mapenzi. Huo ni uongo. Nilisikia mapenzi mule ndani, mengi, nikadhani yamekwenda kwa mwingine, nikaona wivu. Yasini ni mchumba wangu. Ninampenda. Niliandika kama mkosoaji nikiwa mwanamke mwenye wivu, na nyinyi hamkujua. Nisameheni. Na yeye anisamehe, kama bado anasikiliza."

Simu zikafunguliwa, na watu wa kwetu mnawajua.

"Allô, niko Fizi. Donc, ni kusema makala yako yote ni ya wivu?"

"Ile moja, papa."

"Tutajuaje?"

"Hamutajua. Mutapima mwenyewe."

"Allô! Mi kijana wa hapa Baraka. Tokeni ku redio na mapenzi yenu!"

"Asante, ndugu."

"Allô, Munira, mi ni mama moja wa Lweba. Mwanangu, nimelia. Siko na swali."

Simu zikaja, zikaisha. Yasini hakuwa mmoja wao. Ketsia akaonyesha saa ukutani, kipindi kinakwisha. Munira akavuta maikrofoni aage, na hapo taa ya simu ikawaka tena. Namba ngeni.

"Allô?"

Kuku wakasikika kwa mbali.

"Pale kwa mheshimiwa ulisema kweli," sauti ikasema.

Munira akashika meza.

"Yasini."

"Nilikuwa natafuta mahari ya kusimama nayo mbele ya baba yako. Lakini ulisema kweli. Ile jina nitaitoa."

"Na ile ya Jocelyne uiache. Tafazali."

"Ile haitoke." Ikasikika anafukuza kuku. "Munira, mi bado nimekasirika. Sana."

"Kasirika. Lakini ukuye ukasirikie huku."

Ketsia akaziba mdomo kwa mkono.

"Na kesho nikiimba vibaya, utanisoma ku redio tena?"

"Nyimbo zako sitazigusa tena ku redio. Naapa mbele ya batu."

"Na ku nyumba?"

"Ku nyumba nitakosoa ata namna unakunywa chai."

Yasini akacheka. Munira hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu aondoke, na machozi yakamwagika juu ya karatasi za kipindi. Kisha mtandao wa Kazimia ukafanya kama kawaida yake, laini ikakatika. Munira akabaki anaita "Allô, allô," hajui kama anakuja au anavuka.

Taa ikawaka tena palepale. Akadaka.

"Yasini?"

"Ni baba yako."

"Baba... uko ku antenne."

"Najua niko ku antenne, ni mi nimepiga. Kijana wa Lweba, kama redio iko wazi, sikiliza. Boti yangu inatoka Kazimia kesho asubuhi. Nahodha nimemuambia akuachie nafasi. Bajomba zako siwezi kubaita mi, si desturi. Ubaite weye mwenyewe, bakuye na maneno muzuri. Na weye, Munira."

"Naam, baba."

"Mi na mama yako tulipendana miaka yote bila redio. Zima hiyo kitu, kuya nyumbani ule. Mama yako amekupakulia ugali mbili, siku nyingi haukule."

"Ndiyo, baba. Nakuya," Munira akasema, akaanza kukusanya karatasi zake. Watu wa Baraka walisikia kiti chake kikisukumwa, kisha Ketsia akazima.