Vikombe Sita vya Mzee Gadiel

Mzee Gadiel wa Akheri alikufa saa nne asubuhi, na maiti yake ilipopimwa ilikuwa na kilo thelathini na moja. Mtu mzima, jamani! Inspekta Eliya aliitazama mizani mara mbili. Jumapili tu alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mzee huyo pamoja na wazee wa kanisa, wakasali, wakacheka. Kumbe blanketi lilikuwa limeficha mengi.

"Saratani alikuwa nayo," alisema daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti. "Lakini kilichomuua ni njaa."

"Njaa? Hospitalini?"

"Tumbo halikuwa na kitu, Inspekta."

Faili la mgonjwa lilisema vingine: vikombe sita vya maziwa ya lishe kila siku, wiki tatu mfululizo, vyote vimetiwa saini na muuguzi Lilian.

Wodini, Calvin, mtoto wa marehemu, alikuwa akifoka. "Huyu dada ndiye mwizi! Maziwa ya baba kayapeleka kwake. Mfungeni!"

Askari walikuwa wameshamtia Lilian pingu. Miaka kumi na moja ya kazi ilikuwa inaondoka hivi hivi.

"Maziwa yako wapi?" Eliya aliuliza.

"Nilimpelekea, afande. Vikombe vyote vilirudi vitupu."

"Ulimwona akinywa?"

Lilian akaziangalia pingu mikononi mwake.

"Nakuuliza!"

"Sikumwona. Nina wagonjwa thelathini. Nilikuwa naviacha kwenye kabati lake, ndugu wamnyweshe."

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mzee Lerionka, naye mgonjwa wa saratani. Mwili ulikuwa umeisha, macho bado makali. Eliya akamsogelea.

"Shikamoo, mzee. Wewe uliona nini?"

"Marahaba. Niliona mtu mwenye adabu zake. Mgeni akifika, Gadiel hakuweza kumwacha akae midomo mikavu. Kila mtu alipewa kikombe. 'Kunywa, mwanangu, umetoka mbali.' Nani angemkatalia mzee?"

Eliya akamgeukia Calvin. "Na wewe ulikunywa?"

Calvin akakaa sakafuni.

"Kila siku. Daktari aliniambia kabisa kwamba hayo maziwa ndiyo dawa ya baba. Siku ya kwanza nilikataa. Baba akageukia ukutani, akasema, 'Kumbe nimeshakufa. Nimeshindwa hata kumkaribisha mwanangu.' Kesho yake nikanywa. Alifurahi sana, afande, nikaendelea kunywa."

"Halafu ukamsingizia huyu dada!"

"Nilitaka awe mtu mwingine. Awe mtu yeyote, isipokuwa mimi."

"Mshenzi wewe!" Eliya alifoka, hasira zimempanda kichwani. "Unakunywa uhai wa baba yako huku unamwangalia?"

"Mwache kijana," Lerionka alisema polepole. "Jumapili, kikombe cha saa kumi alikunywa nani?"

Eliya akakumbuka kikombe alichopewa.

Mungu wangu! Maziwa mazito, matamu, yenye harufu ya vanila. Eliya alikuwa ameyasifia. Mzee Gadiel akacheka kwa raha, akamsogezea na kikombe cha pili, naye akakimaliza chote asije akamvunjia mzee heshima.

Alimfungua Lilian pingu. Kisha akampa daftari lake la maelezo na kalamu.

"Andika wote waliokunywa, dada," alisema. "Anza na jina langu."